Hata Tone

Mdogo wangu hajui kusema polepole. Tangu utotoni, akiomba chumvi mezani utadhani nyumba inaungua, na kazi aliyokuja kuifanya ukubwani, ya kupigiana kelele na wenzake walio chini ya ardhi huku pampu zikinguruma, ndiyo ikammaliza kabisa. Kwa hiyo siku waliyompa kipaza sauti apite kutangaza mtaani kwa mama, nilimwambia akirudishe stoo, kwake hakina kazi. Akacheka, kile kicheko chake cha kurusha kichwa nyuma. Sijakisikia tena tangu siku ile, ndiyo maana naanzia hapo.

Bomba kuu la maji taka chini ya mtaa ule lilikuwa la matofali, limejengwa kabla hata bibi yetu hajazaliwa, na lilikuwa limechoka. Mwanzo lami ilibonyea kidogo mbele ya nyumba ya mama. Mama akapiga simu kwa wahusika, akaambiwa wanakuja. Lami ikabonyea zaidi, maji ya mvua yakaanza kutuama pale, akapiga tena, akaambiwa wanakuja. Mpaka asubuhi moja lori la mchanga likapita na tairi lake la nyuma likazama hadi kwenye ekseli, na lilipovutwa, barabara nayo ikafuatia. Ukichungulia uliona matofali yamelala chini kama mkate uliovunjwavunjwa na mtoto asiye na njaa, na uchafu wa mtaa mzima ukihangaika kutafuta njia.

Majirani walilalamikia harufu. Mama hakulalamika. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kikosi gani kitakuja kutengeneza? Aliposikia ni kikosi cha mwanawe, na kwamba safari hii, kwa mara ya kwanza, mwanawe ndiye mkuu wa kikosi, alivaa nguo ya kutokea, akashika mkongojo wake, akatoka kwenda kulitazama lile shimo upya kama mtu anayekagua kiwanja alichonunua.

Lazima niseme habari za mama na kazi ya huyu mdogo wangu, la sivyo hamtaelewa. Alipokuwa mdogo alikuwa na mchezo wa kulala kifudifudi juu ya kifuniko cha chuma cha chemba iliyo nje ya geti letu, sikio chini, anasikiliza maji yakipita. Mama alimtandika kwa ajili hiyo, kisha akachoka kumtandika, akampa jina: Kifuniko. Jina likamkaa. Alipokua akaajiriwa kushuka kwenye chemba zilezile, mjomba wetu alisema heri angekaa bure nyumbani. Watu walimkwepa kwenye foleni. Mimi mwenyewe, ambaye ni dobi na ninaishi kwa kugusa uchafu wa watu, nilimwambia akija kwangu avulie ovaroli nje. Mama alifanya kinyume. Ovaroli za Kifuniko alizianika kamba ya mbele, upande wa barabarani, na shuka zake nzuri akazianika nyuma. Mtu akimuuliza mwanao anafanya kazi gani, hakuzunguka wala hakutafuta maneno ya heshima. Alisema, "Kila ukivuta maji chooni, mwanangu ndiye anayeyapokea." Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na swali la nyongeza.

Kile kipande kilichobomoka walikichimba chote, wakatoa matofali mabovu, wakalaza bomba jipya na kufukia. Lakini sehemu iliyobaki ya mtaa ilikuwa imesimama bado, ina nyufa tu, na kuichimba yote kungemaanisha kufumua barabara hadi kwenye milango ya watu. Kwa hiyo wakatumia ile wanayoiita soksi. Ni mfuko mrefu wa kitambaa kizito, umelowekwa gundi, unasukumwa ndani ya bomba kuukuu kutoka chemba hii hadi chemba ile. Wakishauvimbisha kwa maji ya moto kutoka kwenye boila, unashikana na kuta na kuwa mgumu, unakuwa bomba jipya ndani ya bomba la zamani. Tabu yake ni moja. Soksi ikishapita, inaziba matundu ya nyumba zote. Mpaka ikauke, kisha wapeleke kule ndani kimashine chao wanachokiita panya, chenye kamera na meno ya kukatia, kikatoboe tundu la kila nyumba upya, moja baada ya jingine.

Ndiyo maana ya tangazo. Alipita nalo jioni ya kuamkia kazi, na mimi nilikuwepo, nimempelekea mama mashuka. Kuanzia kesho asubuhi, alisema, mpaka nitakapopita mimi mwenyewe kusema ruksa, hakuna kuoga, hakuna kufua, hakuna kuvuta choo. Hakuna kumwaga maji. Hata tone.

Nilimsubiri getini nikamuuliza kama ana akili timamu. Hata tone? Watu wazima, watoto, siku nzima? Hapo ndipo aliporusha kichwa nyuma akacheka.

"Dada, ukiwaambia tone, wanamwaga ndoo," alisema. "Ukiwaambia ndoo, wanafua mazulia. Unawaambia hata tone ili wamwage kidogo. Tukikata yale matundu, kila nyumba inatutapikia maji. Sijawahi kuona nyumba ambayo haijatudanganya."

Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia, na wao walifundishwa hivyohivyo. Kidogo hakiharibu kitu, kinakaa nyuma ya soksi kinasubiri. Kikosi kizima kilijua. Nami nilicheka, maana niliwajua majirani wa mama, na nikamwona tayari Mama Taarifa wa ukuta wa pili akioga kwa kunyata.

Vyoo vya plastiki viliwekwa juu kule mwanzo wa mtaa. Kwa mguu wa mama ilikuwa safari. Kwa hiyo Kifuniko alimletea ndoo yake maalumu, mpya, yenye mfuniko unaobana, bado imo kwenye nailoni. Mama akaipokea kwa mikono miwili kama zawadi, akasema ahsante baba, akaiweka kwenye kona. Tuliondoka roho zetu nyeupe.

Kesho yake soksi iliingia vizuri. Mchana boila ikafa. Maji yakaanza kupoa ndani ya soksi kabla haijakauka, na mdogo wangu akashinda hapo na mafundi wa boila, akipayuka kuliko boila yenyewe. Jioni akapita tena mtaani na kipaza sauti: mvumilie mpaka kesho, amri ni ileile. Nilimpigia mama simu. Alikuwa na furaha. Alishinda dirishani na aliniambia yote, soksi ilivyoshuka chemba ikiwa imegeuzwa nje ndani, Kifuniko alivyonyoosha mkono na watu wote wakasimama. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Nilimuuliza kama amekunywa dawa zake za presha, zile zinazompeleka msalani kila saa. Akasema amekunywa, akaniuliza habari za watoto wangu.

Siku ya pili boila ikapona, soksi ikakauka, panya akaingizwa. Walianza kukata kutoka juu kushuka chini. Nyumba ya mama iko chini kabisa, karibu na pale palipobomoka, kwa hiyo ilikuwa ya mwisho. Jua lilikuwa limeshalegea Kifuniko alipoondoka kwenye gari la kamera akaenda kubisha kwa mama ampe ruksa yake. Alimkuta kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa anapumua, macho nusu wazi, na hakumjibu.

Nilifika hospitali na sabuni bado imo kwenye viwiko. Mdogo wangu alikuwa nje, ameegemea gari la kazi, ovaroli imemlowa jasho. Nilimshika bega nikapita. Daktari alikuwa mtu mpole, amechoka. Alinivuta pembeni ya korido akaniuliza mama yangu amekaa muda gani bila kunywa maji. Nilimwambia hajakaa bila kunywa maji, bomba analo, liko jikoni. Akaniambia mwili wa mama umekauka. Alisema figo na moyo, vitu vilivyokuwa vimechoka tangu zamani, vimebebeshwa mzigo usiobebeka. Aliyasema polepole, na mimi nilimkasirikia kwa upole wake.

Akanituma nikachukue nguo na dawa alizokuwa anatumia. Ndipo nikaingia jikoni kwa mama.

Vikombe vyote vilikuwa vimefunikwa kwenye taulo. Ile ndoo ilikuwa kwenye kona, nailoni yake haijachanwa. Vidonge vilikuwa kwenye kisahani, vimepangwa kwa safu kama alivyozoea, vya jana na vya leo. Na kwenye bomba la jikoni, koki ilikuwa imefungwa kwa kitambaa, kimechanwa kutoka kwenye foronya kuukuu, kimezungushwa mara nyingi na kupigwa fundo. Alijifungia koki ili asijisahau. Mama yangu alikuwa mtu wa kusikia koki inayodondoka akiwa chumba cha mwisho, akaamka na mguu wake huo kwenda kuikaza. Alijua mkono wake ungeifungua wenyewe, kwa mazoea. Akaufungia njia.

Hakutaka ndoo, na hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Alimlea mtoto wake mpaka akawa mkuu wa mabomba, halafu yeye ajisaidie kwenye ndoo? Na hakutaka kumwaga hata tone, kwa sababu mwanawe alisema hata tone. Kilichobaki ni kutokunywa. Alilipigia hesabu hilo peke yake kwenye kiti chake, akaona ni jambo jepesi.

Nilijaribu kulifungua lile fundo, halikusogea. Lilikuwa limekazwa kiasi kwamba kucha yangu ilivunjika. Nikachukua mkasi, nikakata kitambaa, nikakitia kwenye mkoba wangu pamoja na vidonge. Nikachana nailoni ya ndoo na kuitupa. Nikakilowesha kikombe kimoja nikakiacha kwenye sinki. Sikujua ninamfichia nani. Mikono ilifanya tu.

Niliporudi wodini alikuwa amefumbua macho. Walishamtundikia dripu, na nesi aliniruhusu nimloweshe midomo, akitaka nimpe na kijiko kidogo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikapeleka kijiko, akafunga kinywa. Nikambembeleza, akazidi kubana. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie:

"Ameshasema ruksa?"

"Ameshasema, Mama."

Ndipo akanywa. Akanywa kijiko, na kingine, macho yameelekea mlangoni. Akauliza soksi imeshika? Nikamwambia imeshika, haina hata kovu, mtaa mzima unamsifu. Akatulia hapo kidogo, nikadhani amelala.

"Usimwambie Kifuniko kwamba nilikuwa na kiu," akasema. "Ni kazi yake ya kwanza."

Nikamwahidi. Baada ya hapo akakata kauli, na alfajiri akakata roho, Kifuniko ameshika mguu wake mbovu na mimi nimeshika mkono wenye sindano.

Sasa nataka mnielewe. Mimi si mtu wa kuficha mambo. Wateja wangu wanajua nikikuta doa la aibu kwenye shati ninalisema palepale kaunta. Lakini hili nililishika kwa meno. Mdogo wangu aliamini ni moyo, au nilidhani aliamini hivyo, kwa sababu daktari alimwambia moyo na yeye hakuuliza zaidi. Kama angejua, nilijiambia, asingeshuka tena chemba. Asingeinua tena uso. Angelisikia lile tangazo lake mwenyewe kichwani mpaka azeeke. Kwa hiyo asijue. Hilo ndilo lililokuwa jambo langu la pekee msiba wote, kuliko hata kulia.

Na sikulifanya kwa roho safi. Kuna nyakati nilimtazama amekaa kwenye mkeka na wanaume wenzake, nikatamani kusimama katikati ya watu nimwambie, wewe na hata tone yako. Nilimpenda na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na vyote vilikuwa vya kweli. Nilimchukia mama pia kidogo. Nani alimwambia awe mtiifu hivyo? Sisi alitulea na kiboko kwa sababu ya ubishi ambao tuliurithi kwake.

Mama Taarifa nusura aniharibie. Huyu jirani anatoa habari kabla haijatokea, na siku ya msiba alikuwa na habari iliyokwisha kutokea. Nilimkuta kwenye kundi la wanawake ameshaanza kusimulia kwamba siku ile ya soksi alimletea marehemu glasi ya maji ukutani na marehemu akaikataa. Nilimshika kiwiko nikamwingiza jikoni kama mtuhumiwa. Nikamwambia amalizie hapo, mbele yangu peke yangu. Akasema mama alimsikia akimwaga maji bafuni, akaja kugonga ukuta kwa mkongojo na kumtolea maneno makali. Yeye, ili kuomba radhi, akamjazia glasi ya maji baridi. Mama akaitazama ile glasi. Akasema, "Nikinywa nitakwenda haja, na nikienda haja nitamharibia mwanangu." Kisha akamrudishia, na hata hakuimwaga pembeni.

Mama Taarifa alilia mpaka akakaa chini sakafuni. Kumbe yeye alikuwa ameoga siku zote mbili. Nilimwambia kama anataka kumlipa marehemu, anyamaze. Na alinyamaza, mwanamke yule, jambo ambalo mumewe alikuwa ameliombea miaka yote ya ndoa.

Jambo moja nililiona na sikulitilia maanani. Msibani Kifuniko alikuwa anasema kwa sauti ya chini. Watu waliokuja kumpa pole waliinama kumsikia. Nilidhani ni uchungu, na nilishukuru pia kwamba hakuniuliza chochote: mama alishindaje, alikula nini, ulipompigia simu alisema nini. Maswali ambayo mtoto yeyote angeuliza. Nilijiona nina bahati.

Msiba ulipokwisha kutawanyika, alikuja mchana mmoja nikiwa kwa mama ninakunja nguo zake. Alivaa ovaroli safi, iliyopigwa pasi, na alikuwa peke yake, bila kikosi. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia apite. Akasema kazi ya mtaa haiwezi kufungwa, kuna nyumba moja haijajaribiwa. Kila nyumba wakishaitoboa lazima imwagwe maji ya rangi, na mtu asimame kwenye chemba kuona kama rangi imefika. Nyumba zote zilishajaribiwa. Akanipa kichupa cha rangi ya kijani.

"Mwaga kwenye sinki, halafu fungua koki," alisema. "Nitasimama nje."

Niliingia jikoni. Nikamwaga rangi, nikashika koki. Ilikuwa haijafunguliwa tangu nilipokilowesha kile kikombe, kwa sababu msibani tulichota maji kwa majirani, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Bomba likakohoa, likatema hewa, kisha maji yakaja kwa nguvu na ule ukijani ukazunguka sinki ukazama. Nikasubiri. Nilijua utaratibu wao. Rangi ikifika, Kifuniko hupiga kelele "Imefika!" na mtaa wa tatu wanajua.

Nilisubiri mpaka maji yakawa meupe. Kimya. Nikaogopa kwamba tundu halikukatwa vizuri, kwamba mama alikaa na kiu kwa ajili ya kazi mbovu, nikatoka mbio bila kufunga koki.

Alikuwa amepiga magoti kando ya chemba, kifuniko kimesukumwa upande, anatazama chini.

"Haijafika?" nikamuuliza.

"Imefika."

"Mbona husemi?"

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, miguu yangu karibu na ile chemba aliyokuwa akiilalia utotoni. Kisha akaanza kusema, kwa ile sauti mpya ya chini, bila kunitazama. Alisema siku ile ya kukata, walikuwa wote ndani ya gari wanaangalia skrini, na kila nyumba ilipotobolewa maji yaliruka, na wao wakawa wanacheka na kukisia, huyu ameoga, huyu amefua mapazia, huyu ana wageni. Walitoka juu wakashuka mpaka chini na hakuna nyumba iliyosalimika. Mpaka wakafika kwa mama. Panya akakata, kile kipande kikadondoka, na hakuna kilichotoka.

"Pakavu, dada. Vumbi la kukatia tu. Nikawaita na wale wa pampu waje waone. Nikawaambia, mnaona? Huyo ndiye mama yangu. Huyo peke yake ndiye aliyenisikiliza." Akashika ukingo wa chemba. "Nilijisifu. Na kabla ya kwenda kwake nikaenda kuoga, kwa sababu hapendi niingie na matope."

Nilitaka kumwambia asiendelee. Akaendelea. Alipomkuta kitini alikimbilia jikoni kumletea maji, na akakuta koki imefungwa. Alilijua lile fundo. Ndilo wanalofungia kamba wakishuka chini, na yeye mwenyewe alimfundisha mama ajue kukaza kamba ya kuanikia ovaroli. Ukilivuta linakaza. Ili lifunguke unalisukuma nyuma, taratibu.

"Nililivuta," akasema. "Fundo langu mwenyewe, nikalivuta tu, nikavuta, likazidi kukaza. Nikaacha, nikambeba."

Kumbe ndiyo maana kucha yangu ilivunjika. Kumbe alijua kabla yangu. Alijua hospitalini alipoegemea gari, alijua msibani, na hakuniuliza lolote kwa sababu hakuwa na la kuuliza. Alisema alidhani mimi sijui. Aliwaomba watu wa kikosi wasiseme kitu mbele yangu, akajiambia heri dada aamini ni moyo, asije akamchukia. Sikujua nicheke au nilie. Tulikuwa tumelindana siku zote zile, kila mmoja na mzigo uleule, tukipishana mlangoni kama watu wanaobeba kabati moja kutoka pande mbili tofauti.

Nikafungua mkoba wangu, ambao tangu siku ile sikuutoa begani, nikatoa kitambaa. Kilikuwa kimekatwa upande mmoja kwa mkasi, lakini fundo lilikuwa bado zima. Nikamwekea kiganjani. Alilitazama kwa muda. Kisha akaweka vidole viwili, akalisukuma nyuma, taratibu, likafunguka.

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mtu mwenye sauti kubwa vile akilia bila sauti. Nilimshika kichwa nikakiweka begani kwangu, ovaroli na yote, na nikamwambia sikuchukii, na nilipolisema lilikuwa limeshakuwa kweli.

Baadaye akauliza kama mama alisema neno lolote mwishoni, wakati yeye yuko nje.

"Aliuliza soksi imeshika," nikamwambia. "Nikamwambia haina hata kovu. Akasema ni kazi yako ya kwanza."

Lile la kiu nililimeza. Hilo mama alinipa mimi, na nitalikalia.

Akatikisa kichwa kukubali. Akakikunja kile kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa kifuani. Chini yetu maji yalikuwa yakipita ndani ya soksi yake, safi sasa, ukijani umeshaondoka, na alikuwa ametegesha sikio kuyasikiliza kama zamani. Ndani ya nyumba, koki ya mama ilikuwa bado wazi, maji yanamwagika bure kwenye sinki. Tuliyasikia wote wawili, na hakuna aliyeinuka kwenda kuyafunga.